Seli Inayotaka Kwenda Ng'ambo

Juzi tulirudi kutoka msibani, mtaa wa pili. Wakubwa walikuwa wamekaa mkekani wakinong'ona kwamba ugonjwa ulianzia kwenye ini, na ulipokuja kugundulika ulikuwa umekwisha kusambaa hadi kwenye mapafu. Watu wakinong'ona, ndipo watoto husikia vizuri. Leo mchana, tukiwa barazani hapa Ng'ambo, Tabora, tunachambua karanga za kusaga, mjukuu wangu mdogo akaniuliza: "Bibi, ile saratani ilifikaje kwenye mapafu? Nani aliibeba?"

Nikaweka ungo chini. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya maabara miaka mingi, na madaktari wa kila namna wameniuliza maswali, lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nani aliibeba! Ni swali la mtoto wa Tabora. Mji huu umejengwa na watu waliobeba. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, na mji wetu, ambao wageni wa wakati huo waliuita Kaze, ulikuwa kituo kikuu cha njia hiyo. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika hapa Novemba 7. Ni zaidi ya miezi minne, wala hawakuchelewa kwa uvivu. Kulikuwa na pori la Mgunda Mkali lenye kiu, kulikuwa na homa, na kwa kila mtemi kulikuwa na hongo. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya watu. Asiyetoa hakupita.

"Seli ya saratani nayo," nikawaambia, "haiamki asubuhi ikajikuta kwenye mapafu. Ina njia yake, na njia hiyo ina malango. Siwafananishi mababu na saratani, msije mkanishtaki kwa babu yenu. Ninachofananisha ni njia."

Kaka yake, aliye kidato cha pili na anayejua kila kitu, akaacha simu.

Kwanza muijue Tabora ya mwili. Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu, na la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Mnajua jinsi treni inayotoka Dar es Salaam ikifika hapa njia zinavyogawanyika, hii ya Kigoma, hii ya Mwanza? Ini nalo ni makutano. Karibu robo tatu ya damu inayoingia humo hutoka kwenye utumbo na viungo vya jirani yake, kwa mshipa mnene ambao madaktari huuita mshipa wa lango. Ugali wako, matobolwa yako, kidonge chako cha malaria, pombe ya mjomba wenu, vyote vikishameng'enywa vinapita pale kukaguliwa kabla ya kwenda kwingine. Kisha damu hutoka upande wa pili kwa mishipa mingine, ikaelekea moyoni. Shikeni hilo: kuna njia ya kuingia na kuna njia ya kutoka. Nitarudi hapo.

Ukiliweka ini chini ya hadubini utaona seli zake zimejipanga safu safu, na katikati ya safu kuna vijia vya damu. Seli jirani zimeshikana. Zinashikana kwa nini? Kwa protini iitwayo kadherini, inayotokeza nje ya kila seli kama mkono na kuushika mkono wa jirani. Aliyeigundua ni Mjapani Masatoshi Takeichi. Alikuwa akitenganisha seli katika chombo, akaona kwamba kalisi ikiondolewa seli zinaachiana, na ikirudishwa zinashikana tena. Kalisi hiyohiyo ya kwenye maziwa na dagaa! Seli ya ini yenye adabu huishi maisha yake yote imeshika mikono ya majirani, na haiendi popote.

"Sasa kwa nini moja iachie?" akauliza mdogo.

Nikachukua karanga moja kutoka kwenye bakuli la mbovu. Ilikuwa imesinyaa, ina vumbi la kijanikijani. Hiyo ni kuvu. Kuna kuvu inayotengeneza sumu tunayoiita sumukuvu, na inapenda sana karanga na mahindi yaliyovunwa yakawekwa na unyevu. Kaka mtu akadakia: "Si tunazikaanga, Bibi?" Kikaango hakiimalizi, mwanangu. Ni sumu ngumu, inavumilia moto wa jikoni. Ikija nyingi kwa mara moja huua kwa siku chache: mwaka 2004 kule mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, waliugua watu 317 na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ilitokea hapa kwetu, Dodoma na Manyara, nako watu wakapoteza maisha. Lakini ninayotaka kuwaeleza ni ile inayokuja kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi.

Inafika kwenye ini. Ini linafanya kazi yake ya usafi: linaikamata na kuanza kuibadilisha ili itoke mwilini. Hapa ndipo ninapolionea huruma. Katika kuibadilisha, linaipa makali ambayo haikuwa nayo. Sumu ile mpya inaingia kwenye kiini cha seli na kujibandika kwenye DNA, ule mwongozo wa maisha ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Inapenda kujibandika kwenye G.

Kuna jeni moja iitwayo p53. Ni mlinzi wa zamu. Mwongozo wa seli ukiharibika, p53 husema: simama, rekebisha kwanza. Uharibifu ukizidi, huiamuru seli ife. Maneno ya jeni huandikwa kwa herufi tatu tatu, na neno la 249 la p53 ni AGG. Mwaka 1991 watafiti walichunguza uvimbe wa ini wa wagonjwa kutoka China na kusini mwa Afrika, mahali ambapo chakula kilikuwa na sumukuvu nyingi, wakakuta kosa lilelile kwa mgonjwa baada ya mgonjwa: AGG imekuwa AGT. Herufi moja! Mimi niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nzima. Ni kama kuokota alama ya kiatu cha mwizi yuleyule katika nyumba za miji miwili.

Halafu kuna mshirika wake, kirusi cha homa ya ini aina ya B. Huyu hukaa kwenye seli za ini miaka mingi, huchomeka vipande vya DNA yake ndani ya yetu, na huliweka ini katika kuumia na kupona, kuumia na kupona, hadi linajaa makovu. Kule Shanghai watafiti walifuatilia wanaume zaidi ya 18,000. Waliokuwa na dalili za sumukuvu peke yake, hatari yao ya saratani ya ini ilikuwa kubwa kama mara 3 kuliko wasio na chochote. Wenye kirusi peke yake, kama mara 7. Na wenye vyote viwili? Mdogo akahesabu kwa vidole akasema kumi. Karibu mara 60, nikamwambia. Akavitazama vidole vyake kana kwamba vimemdanganya.

Msiogope karanga moja mliyowahi kumeza. Saratani haitokani na kosa moja. Makosa hujikusanya kwa miaka, mlinzi akiwa amelala, hadi seli moja inajigawa bila ruhusa. Uvimbe ukifika ukubwa wa punje ya mtama unakwama kwa njaa, maana damu haiufikii ndani. Daktari Judah Folkman wa Marekani alilisema hilo mwaka 1971 na wengi hawakumwamini. Uvimbe ule hutoa ujumbe wa kuomba mishipa ya damu, nayo mishipa ya mwili, kwa utiifu wake, inachipua na kuufuata. Chakula kimefika. Na barabara imefika.

Sasa tunaanza safari.

Lango la kwanza ni ile mikono. Seli haiwezi kuondoka imeshikwa na majirani. Kuna protini iitwayo Snail, maana yake konokono. Iligunduliwa kwa nzi wa matunda, na wanasayansi wa nzi hupenda majina ya mzaha. Mwaka 2000 makundi mawili ya watafiti nchini Hispania, moja Madrid na moja Barcelona, yalionyesha kwamba konokono huyu anaingia kwenye kiini na kuifungia ile jeni ya kadherini. Mikono haitengenezwi tena. Seli iliyokuwa na pembe kama tofali inarefuka, inakuwa nyembamba, inanyoosha mguu mbele na kujivuta. Katika ini lenye makovu kuna ujumbe mwingi wa kemikali wa kumwamsha konokono, kwa kuwa ujumbe huohuo ndio unaotumika kuponya vidonda.

"Kwa nini tuwe na konokono mwilini kama ana hatari?" akauliza wa kidato cha pili. Swali zuri, na nilimpa sifa yake. Bila konokono asingezaliwa. Mtoto akiwa bado kiinitete tumboni, seli zake lazima ziachiane na kuhama: hizi zikafanye mifupa, hizi moyo, hizi uso. Kazi ikiisha, konokono hulazwa. Saratani haikubuni kitu. Imefungua kabati la zamani na kutoa vifaa tulivyojengewa.

Lango la pili ni uzio. Kuzunguka seli kuna wavu mgumu wa nyuzi za kolajeni, na seli ni kubwa kuliko matundu ya wavu. Lazima ikate. Kwa hiyo nikawauliza: masika, mvua ikijaza madimbwi, viluwiluwi vikianza kuwa vyura, mikia yao huenda wapi?

"Inakatika," akasema mdogo.

Umewahi kuokota mkia wa kiluwiluwi? Hajawahi. Hakuna aliyewahi, kwa sababu haukatiki. Unaliwa kwa ndani. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapière, wakifanya kazi Marekani, waliweka vipande vya mkia wa kiluwiluwi juu ya utando wa kolajeni wakaona utando unayeyuka. Mkia ulikuwa unatoa kimeng'enya kinachokata kolajeni, kikasi chenye chembe ya zinki katikati. Tangu hapo wamepatikana ndugu zake wengi, na sisi pia tunavyo, kwa ajili ya kufumua na kufuma upya mwili unapokua au unapopona. Seli ya saratani hutoa vikasi hivyo mbele yake na kupenya. Mjukuu wangu akanyamaza, kisha akasema kwamba hatachezea viluwiluwi tena. Nikamwambia aendelee tu, hawana kosa.

Lango la tatu ni ukuta wa mshipa wa damu, na hapo saratani ya ini ina mteremko ambao saratani nyingine hazina. Vile vijia vya damu vya ini vimejaa vidirisha, ili damu na seli vibadilishane mizigo kwa urahisi. Tena saratani hii ina tabia ya kuingia kwenye mshipa wa lango wenyewe. Mnakumbuka damu ya mshipa huo inaelekea wapi? Inaingia ndani ya ini. Basi seli nyingi zinazotoroka hurudishwa kwenye ini lilelile, upande mwingine, zikaanzisha uvimbe mpya hapohapo. Ni kama mtu aliyeaga anakwenda Ujiji, kesho ukamkuta Ng'ambo anakunywa kahawa. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anaweza kukata uvimbe mmoja vizuri kabisa, na miaka miwili baadaye akakuta mwingine.

Lakini nyingine hupata njia ya kutoka. Hizo huingia moyoni upande wa kulia, na moyo, usiojua umebeba nini, huzisukuma kwenye mapafu.

"Basi ni moyo!" akaruka mdogo. "Moyo ndio ulioibeba!"

Subiri. Hujaona Mgunda Mkali.

Ndani ya damu ndiko seli nyingi hufia. Seli ya ini imezoea kushikwa. Ikikosa cha kushika, mwili umeiwekea amri ya kujiua, na mwaka 1994 watafiti waliipa amri hiyo jina la anoikisi, kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kukosa nyumba. Mkosa kwao hufa. Ikiikwepa amri hiyo, inapigwa na mkondo wa damu. Ikiukwepa mkondo, inakutana na chembe nyeupe ambazo kazi yao ni kuua kila seli isiyojieleza. Mwaka 1970 Isaiah Fidler alizitia seli za saratani alama ya mionzi akazichoma kwenye mishipa ya panya. Baada ya saa 24 hazikubaki hai hata moja katika elfu, na zilizofanikiwa kuota uvimbe zilikuwa pungufu zaidi ya hapo.

Zinazopona mara nyingi zina hila. Zinajifunika chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata. Askari akitazama anaona kigande cha damu tu. Yule anayetaka jibu la nani aliibeba, hapo pia aandike: chembe sahani, shela kichwani.

Kwenye mapafu mishipa inakuwa myembamba kuliko seli yenyewe. Seli inakwama. Je, hiyo yatosha kueleza kwa nini saratani ya ini ikitoka nje ya ini huonekana kwenye mapafu kuliko kwingine? Kwa sehemu kubwa ndiyo. Ni mji wa kwanza njiani. Lakini kukwama si kuota. Mwaka 1889 daktari Stephen Paget wa London alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akaona kwamba viungo havikushambuliwa sawasawa ingawa damu inafika kote. Akasema saratani ni mbegu, na mbegu inaota pale udongo unapoikubali. Mkulima yeyote wa Uyui hapa jirani angemwambia hivyo bila kufungua hata jalada moja, lakini Paget alihesabu, na mimi nawaheshimu wanaohesabu.

Na kuna jambo lililonifanya nimwombe mkwe wangu anisomee mara mbili, macho yangu yasije yakawa yananidanganya. Misafara ya zamani ilituma watu mbele kuzungumza na mtemi kabla wapagazi hawajafika. Saratani nayo hutuma. Inatoa vifuko vidogo mno, vinavyoitwa eksosomu, vimebeba protini na ujumbe, vinatangulia na damu na kuulainisha udongo wa mbali kabla mbegu haijafika. Mwaka 2015 kundi la David Lyden kule New York lilionyesha kwamba protini zilizo juu ya vifuko hivyo ni kama anwani: hivi viende mapafuni, hivi viende kwenye ini.

Seli ikishafika huweza kulala, miezi au miaka, kisha ikaamka. Na ikianza kujenga, mara nyingi inamlaza konokono wake, inaitoa tena mikono ya kadherini, inashikana na watoto wake, inakuwa mwenyeji. Sasa iko ng'ambo.

"Kwa hiyo nani aliibeba?" Hajasahau.

Damu yake mwenyewe, mjukuu wangu. Hakuna mgeni aliyeingia kumchukulia. Hata dawa zenyewe hupata taabu kwa sababu hiyo: ukivunja kikasi cha kiluwiluwi, umevunja na kinachoponya kidonda. Mwaka 2007 iliidhinishwa kwa saratani ya ini dawa iitwayo sorafenibi, ambayo kati ya kazi zake huziba ule ujumbe wa kuomba mishipa. Iliongeza maisha ya wagonjwa kwa miezi. Mwenye mgonjwa wake katika hospitali ya Bugando au Ocean Road hatakudharau ukimwambia miezi mitatu, lakini ni miezi.

Lango rahisi kulilinda ni lile lililo kabla ya hayo yote, kabla ya mikono kuachiana. Nikamtuma kaka mtu alete kadi zao za kliniki kutoka kabatini. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, na leo chanjo hiyo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Akazisoma tarehe kwa sauti, zote tatu, za kwake na za mdogo wake. Akauliza za kwangu. Sikuwa nazo, mimi nimezaliwa kabla ya hayo yote. Nilipimwa kazini, nikachanjwa ukubwani.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mwembe. Ungo ulikuwa na karanga safi, na mdogo alikuwa ameinuka na bakuli la mbovu.

"Unazipeleka wapi?"

"Kwa kuku, Bibi."

Nikamwita arudi akae. Mwaka 1960 huko Uingereza, nikamwambia, bata mzinga walianza kufa. Hawakuwa na homa ya kawaida, hawakuwa na kidonda. Walikufa zaidi ya 100,000, na kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo wakauita ugonjwa X. Walipofungua matumbo wakakuta maini yameharibika. Wakafuatilia chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ndani yake kulikuwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, wakachukua A ya jina la kwanza na fla ya jina la pili, wakaipa sumu yake jina: aflatoksini. Ndivyo dunia ilivyoanza kuijua sumukuvu.

"Kwa karanga?"

"Kwa karanga."

Chini ya mwembe mtetea wetu alikuwa anaparura na vifaranga vyake sita. Alimtazama, akalitazama bakuli, akaliweka chini taratibu kama kitu kinachoweza kumwagika. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi anakokota jembe.